Mupaka Unatembewa na Watu Wawili

Vijana wa atelie, karakana yetu, munapita mbele ya mulango wangu hapa mutaa wa Lumumba na ordinatere zenu, zile kompyuta, mu mufuko, munanisalimia "Papa Faustin, bonjour," kisha munachekea mbele kidogo, kwa sababu munajua niliacha masomo mu mwaka wa ine wa shule ya primere. Chekeni. Lakini kuko vyuma vinavyozunguka leo mu mashini za kusaga za huu muji ambavyo vilianza mu kichwa changu. Sasa macho yameisha na kazi nimeiacha. Kile kimebaki ninawaandikia hapa, na sitakirudilia mara ya pili, kwa hiyo musome pole pole.

Kazi yangu ilikuwa hii. Mutu analeta chuma kilichovunjika, kile ambacho duka zote za Bunia hazina tena. Ninakipima. Kisha ninaiambia ordinatere, kwa maneno na namba, siyo kwa kuchora: kona ziko wapi, ukingo gani unatoka kona hii unaenda kona ile, uso gani umezungukwa na kingo gani. Nyuso zote zikishikana bila kuacha nafasi, zinafanya ganda. Ganda likifungika, hapo tu ordinatere inakubali kwamba ndani yake kuko nyama ya chuma. Ninaandika fishie, faili ya ordinatere, ninaituma Kampala kwa Isaac, fundi mwenye mashini inayokata chuma yenyewe. Ordinatere yake na yangu hazisemi luga moja. Ile fishie ndiyo mukalimani kati yao, na mukalimani ya namna ile haijui kubembeleza: ukisema ovyo, inapeleka ovyo.

Munaniuliza kila siku kwa nini sikuchora na ile panya ya ordinatere, ya mukononi, kama watu wote. Vidole vyangu viwili vilibaki mu mukasi wa bati, zamani. Panya ilinishinda. Maneno hayakunishinda. Na maneno iko na uzuri wake: kesho mutu akileta chuma ya namna moja lakini kubwa zaidi, unabadilisha namba moja, chuma yote inakua yenyewe kama mutoto. Tena fishie ya maneno ni nyepesi. Mu ile miaka ya reseau ya interneti ya kusinzia, fishie nzito ingefika Kampala siku ya hukumu.

Sasa sikieni upumbavu wa kwanza, mucheke, kisha mufunge midomo.

Mama mumoja mwenye mashini ya kukoboa kahawa alinipa kifuniko kilichopasuka, kipana kama sahani ya ugali. Nikapima, nikaandika, nikatuma. Basi ilipofika kutoka Uganda, shofere akanipa bahasha ndogo. Nikamuuliza: "Na muzigo uko wapi?" Akasema: "Papa, ndio huo." Mu bahasha kulikuwa kifuniko changu, kila tundu mu mahali pake, kizuri sana, kikubwa kama kifungo cha koti. Nilipima kwa santimetre, kama mafundi wote wa mbao na wa nguo wanavyopima tangu zamani. Fishie yenyewe ilikuwa imesema milimetre. Nikampigia Isaac simu kwa hasira.

"Ulikata hii kitu bila kuniuliza?"

"Mzee, nilidhani ni cha saa ya mkono. Nikasema, watu wa Bunia wamekuwa mafundi wa saa."

Yule mama alikitoboa, akakifanya hereni. Alinivalia ile hereni kila soko, mbele ya watu, mupaka nilipomuletea kifuniko cha kweli. Tangu siku ile mustari wangu wa kwanza mu kila programe ni kipimo. Mbele ya kona, mbele ya yote, sema unapima na nini.

Lakini sikukaa hapa kuandika sababu ya hereni. Nimekaa sababu ya Muzee Zakaria.

Zakaria ndiye aliyenifundisha bati, mbele ya vita, wakati nilikuwa ninajua tu kubeba maji ya mafundi. Alikuwa mutu mukavu. Ukimaliza ndoo, hakuitazama. Aliijaza maji, akaiweka juu ya karatasi, akaenda kula. Akirudi, karatasi ikiwa na alama ya maji, alikanyaga ndoo yako kwa muguu, bila neno. Hakukuwa ndoo "karibu nzuri." Ilishika maji ama ilikanyagwa.

Yeye tena ndiye alinipa sheria ya kona. Shamba yake ilikuwa njia ya Aveba, na kwao mupaka unapandwa miti. Alisema: "Kona moja, muti moja. Majirani wawili wanaupanda pamoja, mikono ine ku shimo moja. Ukiona miti miwili ku kona moja, kila mutu amepanda wake, jua kati yao kuko kipande cha udongo kisicho na mwenyewe. Kadogo kama kiganja. Pale ndipo vita inalala."

Wakati nilipoanza ordinatere, nyuso zangu zilikuwa zinakataa kushikana. Nilikuwa ninaandika kona ya uso wa kwanza, kisha ninaiandika upya kwa uso wa pili, na namba ya mwisho imekatwa kidogo. Kwa macho, ni mahali pamoja. Kwa mashini ya Isaac, ni miti miwili, na kati yao ufa mwembamba kuliko unywele. Nikakumbuka Zakaria. Nikaanza kupanda kila kona mara moja tu, kuipa jina, na kila uso unaoihitaji unaita lile jina. Kuko programe za kushona ufa, ninajua, munanionyesha kila siku. Shoneni. Mimi nilifundishwa kutopasua.

Sasa vita. Sitaeleza vita, muliozaliwa mbele yake munajua, na muliozaliwa nyuma munasikia mama zenu wanavyonyamaza. Nitasema tu kwamba Zakaria alikanyaga kitu kilichofukiwa mu njia ya shamba yake mwenyewe, kikalipuka, muguu wa kushoto ukaisha chini ya goti. Jirani yake wa mupaka, Anselme, jamaa yake ilikuwa upande mwingine. Watu walisema kile kitu kiliwekwa na watoto wa Anselme. Wengine walisema hapana, ni wapita njia. Hakuna aliyejua, na kutokujua ni kubaya kuliko kujua. Wazee wawili waliokuwa wanakopeshana jembe walikaa miaka bila kusalimiana.

Kisha ikaja ile salama yetu munayoijua, ya kulala na viatu. Wakimbizi wakaanza kurudi ku mashamba. Na shefu, mutawala wa kule, na komite ya wazee wakasema: mbele mutu hajalima, mipaka itembewe upya.

Kutembea mupaka ni desturi ya kule, na mufahamu vizuri, kwa sababu yote iko pale. Majirani wawili wanatembea mupaka mumoja siku moja. Kila mumoja anaweka shamba yake ku mukono wake wa kushoto, na anaenda. Shamba ya Zakaria iko upande huu, ya Anselme upande ule. Kila mumoja akiwa na yake ku kushoto, lazima wanatoka vichwa viwili vya mupaka na wanakuja wanatazamana. Wanakutana katikati. Wanapitana. Kila mumoja anamaliza njia ambayo mwenzake alianza. Hapo mupaka umefungwa, na watoto wao hawatauuliza tena.

Nyuma ya vita waliongeza sheria mbili. Ya kwanza: mwenye shamba anatembea yeye mwenyewe, hatumi mutu, kwa sababu mu vita watu walituma watu na mashamba yakauzwa. Ya pili: mikono mitupu, vitanga wazi. Hakuna panga, hakuna jembe, hakuna fimbo. Ile ya pili, Zakaria mwenyewe ndiye aliiomba mu mukutano. Alikuwa amezika kaka yake aliyeuawa kwa fimbo.

Alikuwa anaweza kuiomba kwa sababu alikuwa na muguu wa kutengenezwa, aliopewa na wageni fulani waliokuja wakaenda. Basi siku ya kutembea ilipokaribia, kipande cha kifundo kikapasuka. Kile ni kikombe kidogo cha chuma: juu yake kuko shimo la pande ine, linapokea kichwa cha chuma kinachotoka ku muguu, na visi ine, skrubu ndogo, zinakikaza. Ni kadogo, kanaenea mu ngumi. Bila kale, muguu wote ni kuni.

Alikuja ku atelie yangu na magongo mawili, muguu umefungwa mu kitambaa mu mugongo kama mutoto.

"Faustin. Hii inatengenezwa?"

"Hapa, hapana. Kampala, ndiyo. Lakini muzee, tembea na magongo. Komite itakubali. Gongo siyo fimbo."

Alinitazama vile alikuwa anatazama ndoo.

"Nani aliomba ile sheria?"

"Ni weye."

"Basi."

"Na usipotembea?"

"Nisipotembea, shamba inabaki mu mukono ya shefu mupaka nani anajua lini. Wajukuu wangu wanaendelea kununua muhogo ku soko kama watu wasio na udongo. Na Anselme atafika katikati, atasimama pale peke yake mbele ya watu, watasema Zakaria amekataa amani." Akakaa juu ya debe la rangi. "Mimi sijaikataa. Sijaikubali pia. Lakini niseme kwa muguu wangu, siyo kwa kupasuka kwa chuma."

Nikapima kile kikombe mara nyingi kuliko chuma kingine chote cha maisha yangu. Nikaandika. Kona, kila moja mara moja. Kingo. Nyuso za nje, nyuso za ndani ya shimo. Ku ordinatere yangu ilionekana nzuri, ungetaka kuishika. Nikatuma.

Isaac akapiga simu.

"Mzee Faustin, hiki kitu chako hakina ndani."

"Namna gani hakina ndani?"

"Nimekifungua, programu inaniambia ni ngozi tu. Haijafungika. Mashine yangu haikati ngozi, inakata nyama."

"Kuko ufa?"

"Nimetafuta ufa, sioni. Kingo zote zimekutana. Lakini inakataa. Angalia upande wako."

Nikaangalia. Nikapanga upya kona, nikaangalia namba, nikazima ordinatere na kuiwasha kama mutu anayempiga ng'ombe mugonjwa. Hakuna. Na kila asubui Zakaria alikuwa anakuja, anakaa juu ya debe lake, muguu juu ya mapaja, haulizi kitu.

Siku moja nilikasirika, nikachora kile kikombe kwa chaki juu ya kipande cha bati, nijibwatukie mwenyewe makosa kwa sauti. Zakaria akasema: "Nionyeshe unavyoiambia."

"Ninaiambia kila uso kama shamba. Kila uso ninauzunguka kwa mupaka wake, uso wenyewe ku mukono wa kushoto. Nilikuibia weye ile."

"Muzuri. Tembea."

Nikatembeza kidole. Uso wa juu, wenye shimo katikati: nikazunguka ukingo wa nje, kisha ukingo wa shimo, chuma daima ku kushoto. Akatikisa kichwa. Kisha nikaja ku ukuta wa ndani ya shimo, ule unaoshuka chini. Nikatembeza kidole ku ukingo wake wa juu, ule ule unaogusana na uso wa juu.

"Simama," akasema. "Rudi. Uso wa juu ulipita hapa ukienda upande gani?"

"Huku."

"Na ukuta?"

Nikatazama kidole changu. "Huku."

"Wote wawili huku."

"Ndiyo, muzee."

"Faustin, watu wawili ku mupaka mumoja wakienda upande mumoja, mumoja wao iko mu shamba ya mwenzake." Kisha akauliza: "Ule ukuta, uliutembea umesimama wapi?"

"Nje."

"Nje gani?"

Hapo nikaona. Mimi ni mutu wa bati, na hili ni kosa ya mutu wa bati, muchonga mbao hawezi kulifanya. Bati haina nyama. Bati ni ngozi. Kwa siye watu wa ndoo, nje ni upande unaotazama jua, na tumbo la ndoo ni ndani, basi. Kwa hiyo nilizunguka kuta zote kwa nje ile ile ya ndoo, hata kuta za shimo. Ni kusema kuta za shimo nilizitembea nimesimama ndani ya chuma, ninazitazama ku mugongo. Lakini chuma cha kweli iko na nyama. Ndani yake ni pale nyama iko, hakuna pengine. Tumbo la kikombe ni nje. Muandike hii ku ukuta wa atelie: mahali popote mvua inaweza kuingia, ni nje. Simama pale mvua iko, ndipo uanze kutembea.

Niligeuza zile kuta ine. Sikubadilisha kona hata moja, wala kipimo. Niligeuza tu njia ya kuzitembea. Kisha nikaandika ulinzi ambao sikuuacha tena mupaka kustaafu: mbele ya kutuma, programe ipite ku kila ukingo, iulize, "Nani wanakutembea?" Jibu ni moja tu linalokubaliwa: watu wawili, wanatazamana. Mutu mumoja, kuko tundu. Watatu, kuko mwizi. Wawili upande mumoja, ni kikombe cha Faustin.

Nikatuma tena, Isaac akajibu: "Sasa kina nyama." Basi ya Uganda ikakileta, na mara hii haikuwa mu bahasha.

Nilikaza zile visi ine mimi mwenyewe, Zakaria akasimama, akatembea kutoka mulango mupaka njia na kurudi. Nikamufungia ufunguo wa visi mu kamba, nikamutilia ku shingo. "Chuma kipya kinalegea siku ya kwanza," nikamuambia. "Ukisikia muguu unacheza, kaza."

Tulienda kule na watu wengi. Walisimama ku vilima viwili, upande huu jamaa hii, upande ule jamaa ile, na katikati bonde lenye majani ya maji, mupaka unashuka na unapanda. Komite ikawapekua wale wazee wawili. Mama mumoja wa komite akavuta kamba ku shingo ya Zakaria.

"Hii nini?"

"Ufunguo wa muguu."

"Muguu yako iko na mulango?"

Watu wakacheka, hata upande ule. Wengine hawakucheka, wakasema chuma ni chuma, sheria ni sheria. Shefu akakishika, akakiangalia, akakirudisha. "Hii ikiua mutu, nitalima hii shamba peke yangu. Apite."

Wakaanza. Zakaria kutoka huku, Anselme kutoka kule, vitanga wazi, kila mumoja na yake ku mukono wa kushoto. Hakuna ruhusa ya mutu mwingine kukanyaga pale mupaka wamalize. Zakaria alishuka vizuri. Mimi nilikuwa ninasikiliza kile kikombe kama mutu anayesikiliza pumzi ya mugonjwa. Chini, kwenye majani ya maji, karibu ya katikati, akasimama.

Nilijua mara moja. Kiatu kilikuwa kinatazama pembeni. Visi zimelegea. Na kuinama hakuweza: bila gongo, ku mulima, mu utelezi, akiinama anaanguka. Akabaki amesimama, mikono wazi, kama mutu anayengojea mvua.

Anselme akaendelea kuja. Akafika mbele yake. Hatukusikia kitu. Kisha tukaona Anselme anashuka, magoti mu majani, mikono inaenda ku muguu wa Zakaria.

Vijana wa upande wetu wakasimama wote. Vijana wa upande ule nao. Mama mumoja karibu yangu alishika mudomo wake kwa mikono miwili. Mutu nyuma yangu alisema pole pole: "Anamufanya nini?"

Zakaria akainamisha shingo. Akatoa ile kamba kichwani, akampa.

Anselme alikaa chini pale muda. Kisha akasimama, akapangusa magoti, akamurudishia ufunguo. Wakapitana. Kila mumoja akamaliza njia ya mwenzake, Zakaria akipanda kule kwa watu wa Anselme, Anselme akipanda kwetu. Alipofika, magoti yamelowa, mutu mumoja wa kwetu akamupa maji. Akanywa.

Jioni, mu njia ya kurudi, nilimuuliza Zakaria: "Alikuambia nini pale chini?"

"Aliuliza: 'Inakazwa upande gani?' Nikamuambia, wa kuume."

"Ni hiyo tu?"

"Ulitaka nini ingine?"

Nikaona muguu wake. Kiatu kilikuwa kimeinama ku nje. Anselme alikaza visi moja kupita zingine, mutu asiyejua kazi. Mimi ambaye maisha yangu yote sikukubali unywele wa nafasi kati ya kingo mbili, nilichuchumaa mu njia, nikanyosha mukono.

"Leta ufunguo, muzee. Amekaza vibaya. Itakuumiza goti."

"Inaumiza tayari," akasema. Kisha akavuta muguu nyuma, mbali na mukono wangu. "Wacha vile ameikaza."

Niliacha. Alitembea nayo vile vile, imepinda kidogo ku nje, siku zote zilizomubakia, na kila nilipomuona anapita hapa mbele ya mulango, mikono yangu ilitaka kuinyosha, na sikuigusa.